Alishika Simu Siku ya Sabato

Mpendwa Shangazi Kostansia, naomba msaada wako maana kichwa changu kimevurugika na sijui nimwendee nani. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, sasa tuko hapa Buffalo, East Side, na siku za wiki nafanya kazi ghalani pamoja na mume wangu Revokatus, Jumapili tunaingia ovataimu, halafu Jumamosi namhudumia bibi mmoja Myahudi anaitwa Frieda, namwogesha na kumpa dawa. Huyu bibi hana mzaha na Sabato yake, Ijumaa kabla jua halijazama anawasha mishumaa, na tangu hapo hagusi swichi ya taa, hapiki, simu inaweza kulia mpaka ichoke, yeye anakula kilichopikwa mapema na kuimba, na mimi nilichukulia ni mambo ya wazee tu.

Sasa Jumamosi moja nilikuwa naosha vyombo kwake nikaanguka, nikazimia, na nilipofumbua macho Bibi Frieda alikuwa ameketi sakafuni, yeye ambaye magoti yake hayakunjiki, ameshika simu anawaelekeza watu wa ambulensi njia. Hospitali wakaniambia ni uchovu na upungufu wa damu. Niliporudi kwake nikamwomba msamaha kwa kumtia dhambini, akakasirika, akasema, "Ningekuacha sakafuni, hapo ndipo ningeivunja Sabato." Kisha akaniambia nikae naye mezani, kwamba wazee wao walipokuwa watumwa Misri hawakuwa na siku yao, na Mungu alipowapa siku hiyo alimtaja hata mgeni anayekaa kwao. Nikakaa, nikalia, na sijui nililia nini.

Tangu hapo natamani siku moja nisifanye kazi, lakini Revokatus ananiuliza kama nimekuwa Myahudi, mama mmoja kanisani anasema Sabato ya sheria ilishapita, na mimi najiuliza labda Bibi ananificha ukweli tu, labda nimemharibia kwa Mungu wake. Je, niache kazi kwake? Na huku kutaka kupumzika, ni imani au ni uvivu?

Theodosia, Buffalo

Theodosia mwanangu, pole kwa kuanguka. Lakini umenikera kidogo. Mtu amekuokoa, nawe unampelekea toba.

Nimemuuliza Myahudi mmoja ninayemfahamu, anayeishika siku hiyo. Anasema kwao uhai ukiwa hatarini Sabato inasogea kando, na anayesitasita ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo Bibi hakukuficha kitu. Alipokushikia simu alikuwa bado ndani ya Sabato yake.

Usiache kazi. Nenda ukamwambie asante, na neno samahani liache nyumbani. Wala usianze kuwasha mishumaa Ijumaa. Hilo ni agano lao. Wewe unayo Jumapili, na umeiuza kwa ghala. Unaniuliza kama ni uvivu? Mvivu hazimii akiosha vyombo. Nadhani ulilia kwa sababu tangu ufike nchi hiyo hakuna aliyekwambia ukae.

Revokatus naye amechoka, ndiyo maana anauliza vibaya. Akirudia neno la Uyahudi, usibishane. Mwambie alichosema daktari, kisha umuulize mara ya mwisho mlikula meza moja ilikuwa lini. Kesho mwambieni msimamizi wenu kuwa Jumapili hamji. Jumamosi, ukiwa kwa Bibi, mume wako apike chakula cha siku mbili. Jumapili nendeni ibadani, mrudi, mle, kisha ulale mpaka uamke mwenyewe.