Bustani ya Babu Yako Haikuwa Mapumziko

Bumbuli

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo, shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike, na maharage yameanza kutoa maua. Ila barua yako imenikasirisha. Eti mwalimu wenu anasema babu yako alilima bustani ili apumzike na siasa. Apumzike?

Wakati wa Mwingereza babu yako alikuwa hajaandika hata neno moja gazetini. Alikuwa na migomba yake mlimani, na chini yake maharage na magimbi, kama walivyolima wazee wetu. Akaja bwana shamba wa serikali, akasema bustani ile ni fujo, tung'oe kila kitu tulime matuta ili mvua isichukue udongo. Tukalazimishwa. Mvua ya kwanza ikapasua matuta, udongo ukaenda mtoni, na bado tukaambiwa sisi ndio wavivu.

Babu yako hakunawa mikono. Alikaa akaandika, na karatasi ile ilikwenda gazetini na alama za vidole vyake vya tope.

Mwambie mwalimu wako kwamba babu hakukimbilia bustanini kuikwepa siasa. Siasa ndiyo iliyomfuata bustanini, ikamng'olea migomba.

Ni mimi bibi yako