Talaso na Kile Chuo cha Majaji

Jumamosi, Isiolo. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Moyo wangu nao umechafuka.

Nina wivu. Wacha niuandike kabla haujageuka kitu kibaya zaidi.

Leo tulikuwa Kinna, mimi na Talaso, binti wa baba yangu mdogo. Sote ni mawakili. Wazee walituita wachague mmoja wa kusimamia kesi ya malisho ya jamii, ambayo tajiri mmoja ameyazungushia seng'enge. Ng'ombe wa baba walikuwa wakinywa maji mle ndani. Hakuna kesi niliyowahi kuitamani kama hii.

Baada ya salamu, Mzee Guyo, mwenyekiti wao, akauliza, "Binti zangu, mlisomea wapi?"

Nikataja chuo changu. Ni kipya, sisi ndio tuliokuwa darasa la kwanza kuhitimu sheria pale. Wazee wakaitikia kwa adabu.

Talaso akataja chake, cha umma.

"Kile cha majaji?" Mzee Guyo akakaa wima.

Ndiyo, kile. Kitivo cha sheria kilichofunguliwa nchi ikiwa bado changa, kikatoa majaji, mawaziri, na mawakili waliofungwa kwa kusema ukweli. Hata mzee ambaye hajawahi kukanyaga darasa anakijua. Mimi pia niliomba nafasi huko. Nilikosa kwa kidogo tu. Talaso, tuliyekaa naye dawati moja, akapata.

Leo akapata tena: wazee wamemchagua yeye.

Ningependa kuandika kwamba aliongea ovyo. Wapi! Alieleza sheria ya ardhi ya jamii kwa Kiborana kitamu, hadi mama mmoja akajifuta machozi kwa shuka. Mimi nisingeweza vile.

Hapo ndipo panaponiuma. Jina la chuo ningelilaumu. Yeye nimlaumu kwa nini?

Tulipotoka akanishika mkono. "Dada, hii kesi siiwezi peke yangu. Wewe umekulia kwa hayo malisho. Tusimame wote."

"Nitafikiria," nikamjibu kwa ubaridi. Uso wake ukasawijika.

Nimefika nyumbani Chechelesi, hapa mjini, nimeswali, nimempigia simu. Nimekubali. Amepiga kelele za furaha hadi nimetoa simu sikioni, na bado wivu haujaondoka.

Jumatatu tunapeleka karatasi mahakamani. Jina lake litatangulia langu, na litanichoma kila nikilisoma.

Nitatia sahihi hivyo hivyo.