Duara au Yai

Jumapili, 3 Novemba 2024. Ruwais, Jeddah

Leo siku ya thelathini na sita tangu niwe mke wa Protus. Mke wa Protus. Nimeliandika jina hilo mara mbili nione linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vizuri.

Katika siku hizo zote tumelala nyumba moja siku tisa tu, kule kwao Malava. Likizo yake ikaisha, yangu ikaisha. Yeye Riyadh, mimi Jeddah. Nchi moja, lakini ni mwendo wa saa kumi na mbili kwa basi, na mimi ni mfanyakazi wa kulala ndani kwa Madam Hanan, ruhusa yangu Ijumaa tu.

Sasa habari yenyewe. Bosi wake, Abu Faris, amekubali kunichukua! Nyumba yake ya Malaz inataka mpishi. Kuna chumba nyuma, kina mlango wake. Chumba cha watu wawili. Madam naye ana roho nzuri: jana amebonyeza kwenye simu yake kuniachilia. Bado Abu Faris abonyeze kwenye yake, ikama yangu, kibali cha kukaa na kufanya kazi, ihamie kwake. Amesema atafanya hivyo baada ya mashindano ya tarehe 15 na 16, hapa Jeddah, mkewe akishaonja mkono wangu. Asipobonyeza, ombi la uhamisho linafutika Jumapili ya tarehe 17. Madam ameshasema hatalituma mara ya pili. Likifutika, mkataba wangu hapa bado una mwaka na miezi minne.

Sitaki hata kuihesabu kwa siku.

Jumatano, 6 Novemba

Priscilla, yule wa ghorofa ya chini, kaniuliza mume wangu anafanya kazi gani hasa. Nikamweleza tukiwa tunaanika nguo juu. Klabu ya kulenga shabaha. Mshindani mmoja ana silaha tatu — bastola, raifo, shotigani — na anakimbia mahali palipojengwa kama nyumba au duka, anapiga shabaha za karatasi na za chuma, anabadilisha silaha njiani. Muda unahesabiwa kwa kisanduku kinacholia. Protus alianza kwa kubandika vikaratasi kwenye matundu. Mwaka jana akafanya mtihani wa afisa wa usalama, akapita kuliko wote. Sasa ndiye anayetembea nyuma ya mshindani na kile kisanduku mkononi, na mtu akivunja sheria ndiye anayesema stop.

Priscilla: "Kwa hivyo kazi yake ni kuambia Waarabu wasimame? Na wanasimama?"

Wanasimama, nikasema.

"Basi huyo hujaolewa na mtu, bibi harusi. Umeolewa na taa za barabarani."

Nimecheka mpaka kibanio kikaanguka barabarani.

Kabla mshindani hajaanza, Protus humwuliza, "Are you ready?" Kisha, "Stand by." Halafu kisanduku kinalia. Sasa kila jioni kabla hajapiga simu ananitumia neno moja tu: Stand by. Moyo wangu unaanza kukimbia kama nimebeba raifo mimi.

Jumamosi, 9 Novemba

Mpenzi wangu amechoka leo. Amebishana na Abu Faris mchana kutwa. Wao ndio wanaojenga uwanja mmoja wa mashindano, na Abu Faris anataka uwe kama kweli. Amenunua kochi kuukuu, pazia, kitanda cha mtoto chenye mwanasesere, na gari bovu. Alitaka hata shabaha ziwe na sura za watu. Protus akamwambia sheria hairuhusu sura. Karatasi nyeupe ndiye mtu asiye na hatia, karatasi ya kahawia ndiye adui. Abu Faris akasema, na ni nani aliyewahi kuona adui wa kahawia.

Mpaka hapo ni kicheko. Ugomvi wenyewe ni gari. Abu Faris anataka mshindani atoke mlangoni na bastola, akimbilie gari lililo upande wa kushoto, na ajaze risasi akiwa anakimbia, kwa sababu kwenye vita hakuna anayesimama kujaza. Protus akasema hapo watu watageuza mdomo wa bunduki nyuma. Anayetumia mkono wa kulia akikimbia kushoto huku anajaza, bastola inapinda yenyewe. Na sheria kubwa kuliko zote ni ile ya mstari: ukitazama shabaha, kuna mstari unakatiza mwilini mwako kutoka bega hadi bega, na hata ukigeuka haugeuki nawe; mdomo wa silaha usirudi nyuma ya mstari huo hata mara moja. Ukirudi, umetoka. Si uwanja ule tu, mashindano yote. Risasi iwe imetoka au haijatoka.

Abu Faris: "Protus, kwenye vita hakuna mstari."

Protus: "Upo, bosi. Ila hakuna wa kusema stop."

Bosi akasema gari litakaa palepale. Naye bosi ni bosi. Hanyimi mtu mshahara, hapigi kelele, alimpa Protus ruhusa ya kwenda kunioa bila neno. Nimemwambia Protus aachane na gari la watu. Akaniambia sawa mama, lakini sauti yake haikuwa sawa.

Jumanne, 12 Novemba

Leo nimejua jambo.

Nilikuwa nafyonza vumbi kwa hoova sebuleni, madam ametoka, simu iko sikioni. Nikamwuliza Protus, huo mdomo wa bunduki mtu anaujuaje umemwelekea, na kila kitu kinakwenda haraka? Akasema chukua bomba la hoova. Lishike mbali na uso, lipindishe kidogo. Unaona nini? Nikasema tundu. Lina umbo gani? Nikaangalia vizuri. Kama yai. Akasema sasa lielekeze machoni pako, polepole. Yai likajaa, likajaa, likawa duara kama shilingi.

"Ukiona yai, inaangalia kando," akasema. "Ukiona duara, inakuangalia wewe."

Nikacheka, nikasema, basi macho yako kwangu siku zote ni duara. Hakucheka. Akaniambia habari ya kovu la mkono wa kushoto. Lile kovu nimelibusu mara ngapi nikijua ni la majambazi, alipokuwa polisi kule Garissa. Si la majambazi. Walikuwa wanakimbia kwenye vichaka, mtu akaita nyuma yao, na rafiki yake akageuka kuangalia. Macho yalipogeuka bunduki ikayafuata. Protus aliona duara. Hakuwahi kusikia mlio.

Rafiki huyo ni Jackton. Jackton aliyemsimamia kwenye harusi yetu! Aliyecheza mpaka soli ikabanduka. Protus anasema Jackton ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye lori, na hawajawahi kulizungumza tena, hakuna haja. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa hata mzembe. Alikuwa anakimbia.

Nimezima hoova nikakaa kwenye zulia. Nampenda mume wangu kuliko jana, na jana nilidhani nimefika mwisho.

Alhamisi, 14 Novemba

AMEFIKA. Yuko Jeddah, kwenye hoteli ya timu. Sijamwona bado. Nakanda unga wa sambusa mia moja za kesho — Abu Faris ameomba nihudumie kahawa na vitafunio, mkewe Um Faris anione nikifanya kazi. Madam kasema nenda, na Jumamosi pia, ni zawadi ya harusi. Nimepiga pasi baibui langu jeusi lenye uzi wa kijani kwenye mikono. Nyama ya sambusa nimeongeza dania. Yalla, Mungu nisimamie.

Ijumaa, 15 Novemba

Nataka kuandika kwa mpangilio, ndiyo maana nimesubiri mpaka nyumba ilale.

Uwanja uko nje ya mji, jangwani, kuta tatu za mchanga na upande wa nyuma kamba ya watazamaji. Asubuhi nilimwona Protus kwa mbali, shati jekundu la maofisa, kofia, kisanduku kiunoni. Alinikonyeza mara moja tu, kisha akawa afisa. Mwanaume mzuri vile na ni wangu kwa cheti.

Um Faris alikula sambusa tatu. Akaniuliza kama najua kupika jarishi, ule uji wao mzito wa ngano, nikasema nifundishe mara moja tu. Akamwambia mumewe kwa Kiarabu, halas, yaani basi, huyu ananitosha. Nilisikia kwa masikio yangu. Halas!

Saa tisa ikawa zamu ya Abu Faris. Timu yake ya Riyadh ilikuwa inaongoza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, mwisho wa kushoto, na sinia ya finjani. Protus akamwuliza, "Are you ready?" Bosi akaitikia kwa kichwa. "Stand by." Kikalia.

Anapiga vizuri yule mzee, siwezi kusema uongo. Raifo dirishani, akaiweka ndani ya pipa. Chumba cha kochi na bastola, karatasi nyeupe hakuigusa hata moja. Akatoka mlangoni akakimbilia gari, mkono wa kushoto ukitafuta magazini ya risasi kiunoni. Macho yake yalikuwa kwenye mkono ule. Bastola ikapinda.

"Stop!"

Sijawahi kumsikia Protus na sauti ile. Bosi akasimama palepale. Protus akamwambia kwa utaratibu, toa risasi, onyesha iko tupu, rudisha kwenye ala. Bosi akafanya yote akitabasamu, alidhani kuna kitu kimeanguka. Kisha Protus akasema, "Bosi, mstari." Tabasamu likaisha. Akasema, "Protus. Una hakika?" Protus akasema ana hakika. Mimi nikaiweka sinia ya finjani chini kwenye mchanga.

Abu Faris hakutukana. Alimpa Protus mkono, akaenda kukaa kwenye gari lake, AC imewashwa, nusu saa. Marafiki zake ndio walioongea. Mmoja akasema yule Mkenya amemtoa bosi wake kwa sababu mimi mkewe nilikuwa nimesimama upande ule bastola ilikopinda. Angekuwa mtu mwingine angefumba macho. Abu Faris aliporudi akasema atakata rufaa. Anasema mdomo ulifika kwenye mstari, haukuupita. Timu ikimkosa haina ubingwa.

Rufaa ni kesho. Msimamizi mkuu ni Kapteni Nizar, Mjordani. Video ipo, ila mlango wa gari umeficha mkono. Alvin, mwenzake Protus anayeandika alama, alikuwa ameinamia karatasi. Kapteni akauliza ni nani mwingine aliyekuwa upande ule.

Ni mimi.

Jioni tulipewa ruhusa ya muda wa saa mbili, tukaenda Balad, mji wa kale. Nilikuwa nimeiota jioni hii wiki tano! Tumetembea kati ya zile nyumba kuukuu zenye roshani za mbao, amenishika kidole kimoja kwa sababu ya watu. Nikamwuliza, Pro, kesho niseme nini?

"Usiniulize mimi. Afisa haongei na shahidi."

Mimi ni mke wako.

"Ndiyo. Na ni shahidi."

Nilikasirika nikatembea mbele peke yangu mpaka kwenye duka la viungo. Nilipogeuka alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, mikono mfukoni, kama taa za Priscilla. Nikarudi. Tukanunua karanga tukala. Hakuniuliza niliona nini. Sikumwambia.

Jumamosi, 16 Novemba. Hema la wanawake, uwanjani

Naandika kwenye goti. Wajumbe watatu wa rufaa wako kwenye meza ya nje, wameshamsikiliza Abu Faris, wanamsikiliza Protus. Baadaye mimi.

Asubuhi, kabla ya kikao, Abu Faris alikuja mwenyewe hapa mlangoni. Alivua miwani.

"Velma, binti yangu. Ulikunywa chai?"

Nikasema nimekunywa, bosi.

Akanionyesha simu. Kwanza picha: chumba cha Malaz. Kimepakwa rangi. Kiyoyozi kipya, kitanda kikubwa, pazia la maua — bila shaka amechagua Um Faris. Kisha akafungua ukurasa wenye jina langu na namba ya ikama yangu, na kitufe cha kijani chini. "Nataka kukibonyeza leo hii," akasema. "Nilitaka jana, lakini kichwa kilikuwa kimejaa." Akasema tena, taratibu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Ilikuwa haraka sana, sivyo? Hata mimi sijui. Labda hata wewe hukuona vizuri."

Hakunitisha. Ningependa angenitisha, ingekuwa rahisi. Namwamini pia kwamba hajui. Alikuwa anakimbia.

Um Faris amenitumia kibakuli cha jarishi nionje.

Sasa nafikiria. Nikisema sikuona, si uongo mkubwa. Sinia ilikuwa nzito, jua lilikuwa usoni. Wajumbe watarudisha alama zake, timu itachukua kombe, kitufe kitabonyezwa, na keshokutwa naweza kuwa kwenye basi la Riyadh. Kile chumba. Lile pazia. Na Protus? Wataandika kwamba afisa alikosea. Atarudi kubandika vikaratasi, na atanipenda vilevile, namjua. Usiku atalala upande wa ule mkono wenye kovu na hataniuliza kitu maisha yake yote, kama asivyomwuliza Jackton.

Nikisema niliona, basi kesho Jumapili ombi linafutika. Au halifutiki. Abu Faris ni mtu mwema, huenda akabonyeza hata hivyo. Sijui. Mwaka na miezi minne.

Acha niandike hapa kwanza, nisije nikajidanganya nikifika mezani. Sinia ilikuwa nzito. Jua lilikuwa usoni. Bastola ilipopinda niliona tundu dogo jeusi juu ya kiganja chake. Kwanza lilikuwa yai.

Halafu lilijaa.

Kapteni amesimama, anaangalia huku. Abu Faris yuko kando ya hema, simu bado inawaka mkononi. Protus wamemaliza naye. Amekwenda mpaka ukuta wa mchanga, amenipa mgongo ili nisiusome uso wake. Mgongo ule ningeutambua kati ya elfu.

"Sister Velma? Yalla, tafadhali."

Nakuja. Nafunga kalamu.