Mtambo wa Baba Ildefonsi Hauzimwi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka tarehe 11 Aprili, na mtambo wako bado unazunguka. Tunaanza na hilo kwa sababu wapo waliosema hautafika Krismasi.

Kwa miaka ishirini na miwili, Baba Ildefonsi Kapinga, ulilinda mtambo mdogo wa umeme wa maji kwenye kijito chetu hapa Maguu. Ulikula ugali huku sikio liko bondeni. Mlio ukibadilika kidogo tu ulisema, "Bwanali ameanza kusaga," na kweli, mashine ya Mzee Bwanali ilikuwa imewashwa. Mama alikutania kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa yuko kwenye kibanda cha mtambo. Ulicheka, ukanawa mikono, ukaenda kwa mke mkubwa.

Nguzo za gridi ya taifa zilipofika ulichinja jogoo. Lakini uliwaambia watu, "Sisi tuko mkiani mwa laini, umeme ukifika huku umeshachoka. Tusiutupe wetu." Wakakuita mzee mwenye wivu. Haikupita miezi mitatu, jioni moja kila nyumba ilipowasha vitu vyake, umeme ukapungua nguvu na mota ya Bwanali ikaungua. Hukumcheka. Ulimfungia mota nyingine, ukairudisha mashine yake kwenye mtambo wetu.

Kisha ikaja Machi ya mwaka jana. Mvua iliangusha miti juu ya laini, gridi ikakatika siku sita. Zahanati, yenye friji ya chanjo na kina mama wanaojifungua, ikakutegemea wewe. Siku ya tano tope likajaa kwenye banio, pale maji yanapoingilia bombani, na taa zikaanza kufifia. Uliingia majini na koleo tangu asubuhi hadi adhuhuri, mvua ikikupiga mgongoni. Umeme haukukatika. Wewe ulirudi unatetemeka, na baada ya wiki mbili nimonia ikakuchukua.

Arobaini ilipokwisha, kamati ya mtambo ilikuja nyumbani. Mwenyekiti, Mzee Mansuetus, alisema kwa upole, "Mama Kunigunda, pole sana. Mtambo huu ndio uliomuua mzee. Gridi ipo. Tuung'oe, mpumzike."

Mama hakuinua hata sauti. "Shemeji Mansuetus, mtambo haulimi. Tope lile lilitoka shambani kwetu."

Na sisi leo, Baba, tunasema hadharani jambo ambalo hukutaka kulisema hata ukiwa kitandani. Shamba la juu ya banio ni letu. Miaka yote ulisimamia lilimwe ngolo: wanaume wafyeke majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake wayafunike udongo na kuchimba mashimo katikati, maji ya mvua yatulie humo. Msimu ule mwanao Adrian aliona uvivu wa kulaza majani. Akamwambia mkewe Luisa wapige matuta ya haraka ya maharage, tena ya kuteremka na mlima. Luisa alikataa mara mbili, akashindwa. Ulipoliona tope ulijua limetoka wapi. Ulichukua koleo, hukutaja mtu.

Kwa hiyo mtambo wako usisingiziwe. Uzembe ulikuwa wetu, na unatuuma.

Sasa kamati imerudi na neno lilelile, imepanga mafundi wa kuung'oa waje Jumatatu hii. Ufunguo wa kibanda anao Restituta, binti yako uliyemfundisha kuusikiliza mlio, na hautoi. Wanasema mwanamke hatauweza. Ameuweza mwaka mzima, wao wakichaji simu zao kila gridi inapokatika! Wanasema pia kwamba tope litarudi. Hapo tu wana haki.

Ndiyo maana mwaka huu hatupiki pilau ya kumbukumbu. Jumamosi, baada ya misa, tunapanda shambani na majembe. Adrian ameanza kufyeka majani tangu Jumanne, na amekataa kusaidiwa. Luisa na wanawake wa ukoo watachimba. Jumatatu Mzee Mansuetus aje na mafundi wake, lakini kwanza ashuke kwenye banio mvua ikinyesha, achote maji kwa kiganja, ayatazame. Yakiwa na tope, Restituta atampa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Yakiwa safi, wageuze njia warudi walikotoka, na wasitupigie hodi tena kwa habari hiyo.

Unakumbukwa na mkeo Kunigunda, wanao Adrian, Restituta na Lidia aliyeolewa Mbamba Bay, mkweo Luisa, mdogo wako Joakim, wajukuu zako wote, na rafiki yako Bwanali, ambaye si ndugu wa damu lakini ameshanoa jembe lake.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Sasa mvua na inyeshe.