Chungu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mama Nyaboke,

Ungekuwepo ungenicheka, kwanza kwa kukuandikia wewe usiyejua kusoma, halafu kwa kushika kalamu mchana wakati shamba lina magugu. Acha yangoje. Nimechoka, mke mwenzangu. Nimeketi kwenye kizingiti cha nyumba yako na hata kuinuka sitaki.

Nyaboke na wadogo zake wanalala kwangu. Mume wetu amepanda chai pale kwenye shamba lako la wimbi, anasema siku hizi mtu ni chai. Wewe ndiye uliyejua kumjibu.

Kosa langu ni hili. Watu wa mazishi walipoondoka niliosha vyombo vyote, masufuria, vibuyu, bakuli za kuazima. Nikaosha na chungu chako cha busaa, pombe yetu ya wimbi, kile ulichonunua kwa wafinyanzi wa Kijaluo mwaka wa Uhuru ukakibeba kichwani mpaka nyumbani. Nilikisugua kwa sabuni ya mche, ndani na nje, kwa sababu mikono haikutaka kukaa bure. Na ulinionya miaka yote: "Hicho huoshwa kwa maji matupu, wewe! Ukitia sabuni umekiua, chachu imo ndani ya udongo wake." Nilijua, Mama Nyaboke. Siku hiyo sikujua kitu.

Wazee walikuja kunywa pombe ya kukuaga, wakakizunguka chungu na mirija yao mirefu. Wa kwanza alivuta, akautoa mrija mdomoni, akatazama chini. Haikuwa imechachuka. Ilikuwa uji unaonuka sabuni. Waliondoka bila neno baya, na hilo ndilo lililoniumiza, maana mpaka wanywe kwenye chungu chako matanga yako hayajaisha, nawe bado hujaenda zako. Shemeji akaniletea pipa la bati, eti pombe ni pombe. Nilimrudishia.

Tangu hapo nimepika mara tatu. Kukaanga unga, kusaga kimea, kuchuja, yote peke yangu, na mgongo umekataa. Zamani nilinung'unika kwamba wewe unakaa na chungu na mimi unaniachia kuchuja. Nisamehe.

Mara mbili za kwanza ilikuwa mbovu, nikamwaga. Ya tatu sijamwambia mtu. Ya tatu ilichachuka. Niliinamisha sikio nikaisikia ikichemka bila moto, nikaonja, ikawa yako kabisa. Nikawaona akilini wazee wakinywa, wakijifuta midomo, wakienda zao, na mimi nikifunga mlango huu. Nikaimwaga yote kwenye migomba. Mume wetu nikamwambia bado inanuka sabuni.

Nilimdanganya mume wetu, na nilikuweka mlangoni kama mgeni asiyeruhusiwa kuondoka.

Limebaki wimbi la kupika mara moja tu. Kesho naliloweka lichipue. Watoto watakula, watasoma, hilo usiliwaze. Nenda salama, Mama Nyaboke. Nitawaita wazee. Sitamwaga tena.

Mke mwenzako,
Mama Onchiri