Ndizi ya Kwanza ya Ebenezer

Poli, Meru

Mdogo wangu Hanna,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha. Hujambo? Miguu je? Mkwe wako Esther ananyonyesha vizuri? Na mjukuu wetu Ebenezer ameanza kukaa? Huku tu wazima, kahawa imechanua, goti linaniuma kama kawaida.

Anayeandika ni mjukuu wangu Anande. Mimi nasema tu, na nimemkataza kubadili neno. Simu ningepiga, lakini wewe kwenye simu unajibu kabla sijauliza.

Si tulisema Anande amesoma mpaka amepotea? Msichana mwenye digrii zake, amepanga nyumba Moshono, halafu anazunguka vijijini kuchota mavi ya kuku na maziwa ya ng'ombe kwenye vichupa! Alipofika kwangu nilimuuliza kama huko chuoni walikosa kitu cha maana cha kumfundisha. Akacheka, akanawa mikono, akachuchumaa chini ya yule ng'ombe wangu mweusi, ambaye hata mimi hunipiga teke. Akamnong'oneza, akakamua kila chuchu, akaweka vichupa kwenye boksi la barafu. Ng'ombe katulia.

Kiwele cha huyo ng'ombe kilikuwa kinavimba mara kwa mara, na mimi nilifanya kama tunavyofanya wote huku: nanunua dawa duka la mifugo, nadunga mwenyewe, uvimbe ukishuka naacha, inayobaki naitunzia safari nyingine. Anande akasema hapo ndipo vijidudu vinapopata usugu: dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki vinazaana. Nikamwambia hayo ni maneno, nionyeshe.

Akanionyesha, Hanna! Alinipeleka maabara yao mjini, akanivalisha koti jeupe, nikafanana na muuza nyama. Kwenye kisahani alikuwa amepanda vijidudu vya maziwa yangu kama unavyosia mchicha, na juu yake ameweka vikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inapofanya kazi, kikaratasi kinazungukwa na uwanja mtupu, hapaoti kitu. Lakini kile cha dawa yangu ya dukani, na vingine kadhaa, vijidudu vimeota mpaka ukingoni, kama magugu yanayoingia jikoni. Sijakaa darasani hata siku moja, na nikaelewa. Mtu wa kunielewesha hivyo ni wangu, nimemlea mimi! Anande anasema hili hataliandika. Ameliandika.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Siku ile nilimwambia anipime na mimi, maana ndiye ninayekamua. Akaniingiza kijiti cha pamba puani. Juzi akaja, akavuta kigoda, akanishika mkono, nikajua. Kidudu cha ng'ombe kimo puani mwangu, kilekile, na dawa zilezile hazikiwezi. Nilimuuliza nani kampa mwenzake, mimi au ng'ombe. Akasema hajui bado, anachunguza. Mimi kwa sasa hakiniumizi, tunaishi kama mtu na mpangaji. Ila kikimwingia mtoto mchanga akaugua, daktari atahangaika kupata dawa ya kumponya.

Kwa hiyo, Hanna, sitakuja kumtafunia Ebenezer ndizi yake ya kwanza. Watoto wote wa ukoo huu wameionja kutoka kinywani mwangu, na huyu ndiye wa kwanza kuikosa. Nimelia, nikamaliza. Esther aiponde kwa kijiko kilichooshwa kwa maji ya moto. Maziwa niliyomwahidi hayaji pia. Ng'ombe anatibiwa na daktari wa mifugo, safari hii mpaka dozi iishe. Maziwa ya kwako chemsha mpaka yafure.

Na wewe usimtafunie. Najua umeshaanza kufurahi kwamba zamu imekuangukia. Anande atakuja huko Kikatiti Jumamosi na vijiti vyake. Usimuulize upuuzi kama mimi. Mpe chai, inua kichwa, utapiga chafya mara moja yaishe.

Wasalimie wote, na majirani wanaonikumbuka. Ningesema unibusie mtoto, lakini pua yako bado haijapimwa. Mshike unyayo tu, umwambie bibi yake mkubwa anampenda mpaka amekubali kukaa mbali.

Ni mimi dada yako,
Mama Ndesanjo