Besi ya Denise

Mama Mushauri,

Citoyens na citoyennes, tangazo! Mutaa wetu hapa Kalemie una waimba besi wawili: mimi, muzee wa miaka arobaini na saba na tumbo linalotangulia mbele, na binti yangu Denise, miaka minne.

Ndivyo nilivyotangaza kila Jumapili nje ya kanisa, Mama, korali yote inacheka, nasema, "Muna wivu, njo damu ya Adalbert hii," namusimamisha mutoto juu ya benchi aimbe, anakwaruza kama mulango wa zamani, na muke wangu Odile ananiambia, "Baba Denise, mutoto hapumui vizuri," na mimi, kichwa cha mbuzi, najibu waimbaji wote wanapumua hivyo, mpaka akaanza kusimama katikati ya mchezo akishika shingo, tukaenda lopitalo, munganga akatazama na kioo kidogo, akasema pale sauti inapotokea pameota vinyama kama chunjua, vinaletwa na virusi vya papiloma, pengine alivipata kwa mama yake akizaliwa, aende Lubumbashi vikatolewe.

Dada yangu Bertille alisikia "kwa mama yake" tu. "Huyu wa Kongolo njo alimutia mutoto uchafu! Arudi kwao!" Amepanga: wapande treni moja Jumanne, wakifika Kabalo, reli zinapoachana, Odile ageuke kwenda Kongolo, yeye Bertille aendelee na mutoto mpaka Lubumbashi. Odile anafunga nguo za Denise, anafungua, anafunga tena. Mimi nakohoa tu. Nifanye nini?

Adalbert

Papa Adalbert,

Nakuandikia kwa mukono, treni haingoji gazeti.

Acha kukohoa, mwenye koo la ugonjwa ni mutoto! Nimezalisha wamama miaka ishirini. Virusi hivi vinakaa mwilini miaka bila alama, mwenyewe hajui. Wamama wengi wanavyo, na watoto wao wengi hawapati kitu. Munganga alisema "pengine", Bertille akakata hukumu. Tangu lini kuzaa ni kosa? Na ukoo mzima munauliza mutoto alivipata kwa nani. Odile je, alivipata kwa nani? Vilianguka na mvua? Najua umenielewa, Papa.

Odile asafiri na mutoto wake mpaka Lubumbashi. Vinyama vinaweza kurudi, vitatolewa tena na tena, mutoto atamutaka mama yake kila mara. Wakisema ni kilimi cha koo kinamukaba, asikatwe na muntu yeyote. Pumzi ikibana njiani, washuke lopitalo ya karibu. Na wewe, sema unachokijua, mbele ya Bertille, kabla ya Jumanne.

Émérence

Amejibu, akaniruhusu nichape:

Mama Émérence, tangazo la kweli. Nikiwa kijana wa kiwanda cha simenti kule Kabimba niliota chunjua mahali pa siri, muuguzi akazichoma na dawa. Mwaka uliofuata nilimuoa Odile, sikumuambia. Jumatatu nimesema, Bertille amekaa, Odile amesimama. Kama njo mimi niliyevileta, munganga mwenyewe hawezi kujua. Bertille alitazama chini. Odile alifunga nguo mara ya mwisho.

Jumanne walipanda wawili, Odile na mutoto wake. Denise alitoa kichwa dirishani, akaniita. Niliona mudomo tu. Sauti haikunifikia.